Kompyuta ya Ofisi Imechoka: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Maswali ya toleo hili yametoka Mtwara na Lindi, na karibu yote yanauliza jambo lilelile: mashine ya ofisini imezeeka, tuhangaike nayo au tununue nyingine? Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha. Tunaanza na yenye mambo mengi.

Katibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), Tandahimba

*Habari za kazi, wahariri. Kompyuta yetu ya mezani ina Core i5 ya kizazi cha nne, RAM GB 4, diski ngumu (hadi diski) ya GB 500 na Windows 10. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kunywa chai ukarudi bado haijatulia. Excel yenye orodha ya wanachama inaganda, na siku hizi inajizima yenyewe. Fundi wa kwanza kasema tuitupe. Wa pili anataka Sh 210,000 aweke SSD na RAM. Duka moja mjini Mtwara linatuuzia iliyotumika ya kizazi cha nane kwa Sh 620,000. Bodi inataka jibu kabla minada haijaanza. Sijui kama inahusu, lakini mifuko ya salfa tunaiweka chumba hichohicho cha ofisi.*

Ndugu Katibu, hilo uliloliweka mwisho linahusu kuliko yote. Tutalifikia.

Mashine yako ina magonjwa mawili, na mafundi wako wawili kila mmoja ameona lake. Uzito ni ugonjwa wa kwanza. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue ukurasa wa Performance, kisha uache mashine ifanye kazi kama kawaida huku ukiangalia. Ikiwa Disk imesimama kwenye asilimia 100 wakati CPU haifiki 20, prosesa yako ni nzima na imekaa inasubiri diski. Ikiwa Memory imepita asilimia 85 kwa Excel na kivinjari tu, RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ni ndogo. Kwa GB 4 na hadi diski ya zamani, tunatarajia utayakuta yote mawili.

Sababu ni hii: ndani ya hadi diski kuna sahani zinazozunguka na kichwa kinachohama huku na huku kutafuta vipande vya faili. Kila kuhama ni kama milisekunde kumi, na Windows 10 ikiwaka huomba vipande kwa maelfu. SSD, diski ya chipu tupu, haina cha kuzunguka wala kuhama. Hata ile ya kawaida ya SATA husoma karibu MB 500 kwa sekunde, ambapo hadi diski hupata 100 hadi 150, tena pale faili linapokuwa limekaa mfululizo. Ndiyo maana SSD pekee huifanya mashine ya mwaka 2013 au 2014 iwake chini ya dakika moja. Kwa hiyo fundi wa pili hakukudanganya.

Kabla ya kununua chochote, pakua programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo na usome mistari mitatu: 05, C5 na C6. Namba za mwisho za mistari hiyo zikiwa sifuri tupu, diski ni nzito tu. Zikiwa na kitu, hasa C5, diski inakufa, na kazi ya kwanza ni kunakili mafaili ya wanachama siku hiyohiyo. Diski ya namna hiyo usiihamishe nzima kwenda kwenye SSD, kwa kuwa utahamisha na mafaili yaliyoharibika. Weka Windows upya, kisha urudishe nyaraka. Leseni ya Windows 10 iliyokwisha kuthibitishwa mtandaoni imeshikamana na madabodi (ubao mkuu wa ndani), haipotei kwa kubadili diski. Fundi akikudai hela ya leseni kwa sababu hiyo, muulize vizuri.

Ugonjwa wa pili, wa kujizima, SSD haiutibu. Hapo kuna washukiwa watatu: joto, pawa saplai na kutu. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe, toa kasha nje ya jengo ndipo ulifungue. Puliza vumbi kwa blowa huku umeshika panga za feni zisizunguke, maana feni ikizungushwa kwa upepo wa blowa huharibu beringi zake na inaweza kurudisha umeme kwenye bodi. Ondoa feni ya prosesa, futa pesti ya zamani iliyokauka kama chokaa, weka mpya kidogo tu katikati na ukaze skrubu kwa kukingamisha kona. Pesti nyingi haipoozi zaidi, inamwagikia soketi. Kisha angalia kapasita za kwenye madabodi na, kwa kuchungulia kupitia matundu, za ndani ya pawa saplai. Iliyovimba kichwa au kutoa uji wa kahawia ndiyo inayoizima mashine. Pawa saplai yenyewe usiifungue: ndani yake hubaki umeme wa volti 300 na zaidi hata baada ya kuichomoa.

Sasa salfa. Unga ule mnaopuliza mikorosho kwa ajili ya ubwiriunga ni madini ya kiberiti, na kiberiti hula shaba na madini ya fedha, hasa hewa ikiwa na unyevu. Huacha utando mweusi usiopitisha umeme vizuri. Huanzia kwenye soketi za RAM, plagi za waya na vile vipande vidogo mno vya madabodi ambavyo ndani vina fedha. Dalili ni mashine kuwaka leo na kukataa kesho, kujizima bila sababu, RAM ya GB 4 kusomeka GB 2. Ukifungua kasha, tafuta shaba yoyote iliyo wazi: mabomba ya kipoozeo, nyuzi za mwisho wa waya, pete za matundu ya skrubu. Ikiwa bado ina rangi yake, safisha meno ya RAM kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, subiri ikauke, rudisha. Ikiwa imekuwa nyeusi, usiweke hata shilingi kwenye mashine hiyo, kwa sababu kutu iliyoko pasipoonekana huwezi kuifuta.

Na mkinunua ile ya Sh 620,000 mkaiweka chumba hichohicho, itafuata njia hiyohiyo. Ama salfa ihame, ama kompyuta ihame. Kufunika mashine kwa kitambaa hakusaidii wakati inafanya kazi, tena kunaziba hewa.

Tuseme shaba ni safi. Bado kuna suala la Windows. Microsoft iliacha kuitolea Windows 10 marekebisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Taasisi inaweza kulipia nyongeza ya muda: dola 61 kwa mashine mwaka wa kwanza, na bei hujirudufu kila mwaka hadi miaka mitatu. Jumlisha uone: 61, 122 na 244 ni dola 427. Hakuna bodi yenye akili timamu itakayolipa hivyo kwa mashine hii. Windows 11 nayo inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana, pamoja na TPM 2.0, ambayo ni chipu ya usalama; kizazi cha nne hakimo.

Ushauri wetu basi: nunueni ya kizazi cha nane, na hiyo ndiyo ifungue akaunti ya benki, barua pepe na mfumo wowote wa mtandaoni wenye majina na malipo ya wakulima. Ya zamani, ikiwa shaba ni safi, iwekeeni SSD ya GB 240 tu, RAM muiache, ichomolewe intaneti moja kwa moja, ibaki ya kuchapa barua na kutoa karatasi za mizani. Mkiwa na hela ya jambo moja tu, ni mashine ya mtandaoni. Na ihamieni angalau wiki mbili kabla ya mnada wa kwanza, mbili zikifanya kazi sambamba, kwa sababu printa iliyogoma siku ya malipo hairekebishiki mbele ya foleni ya wakulima.

Msimamizi wa ghala, Lindi

*Kompyuta inayosoma mizani ya magari ina Windows XP. Waya wa mizani unaingia kwenye tundu la pini tisa, na printa ni ile ya utepe ya dot matrix. Makao makuu wanataka mashine zote za zamani ziondolewe. Aliyeweka programu ya mizani hapatikani.*

Hii msiiondoe. Kazi yake ni moja, haihitaji intaneti, na kasi yake inatosha kwa namba tano au sita zinazotoka kwenye kichwa cha mizani. Uzee wake si hatari kwa usalama mradi waya wa mtandao umechomolewa na hakuna anayechomeka flashi yake hapo. Hatari iko kwingine: diski ikifa, programu imekufa nayo.

Kwa hiyo kabla ya msimu wa ufuta chukueni nakala ya diski nzima, si ya folda ya programu peke yake. Programu za aina hii huacha vipande ndani ya Windows na nyingine hushikamana na namba ya diski. Tumieni Clonezilla kutoka kwenye CD, au diski itolewe isomwe na mashine nyingine. Nakala moja ikae ghalani, nyingine mbali na ghala. Kisha ijaribuni: rudisheni nakala kwenye diski ya akiba, muwashe, mpime gari moja. Nakala ambayo haijajaribiwa isihesabiwe.

Andikeni pia mipangilio ya mawasiliano wakati bado inaonekana kwenye programu: namba ya COM (jina la tundu la mawasiliano), kasi (mara nyingi 9600), biti za data, pariti na biti ya kusimamia. Siku mkihamia mashine isiyo na tundu la pini tisa mtahitaji waya wa kutoka USB, na hapo ndipo wengi hukwama. Waya wa bei ya chini wenye chipu bandia ya PL2303 hukubaliwa na Windows, lakini ukiangalia kwenye Device Manager una alama ya njano na kosa namba 10, kwa sababu dereva mpya (programu inayokiendesha kifaa) huikataa chipu ya kuiga. Wenye chipu halali ya FTDI hugharimu zaidi na huokoa siku nzima. Jambo jingine: ukiuchomeka kwenye tundu jingine la USB, COM1 inaweza kugeuka COM4 na mizani ikaonekana imekufa. Chagueni tundu moja, mlibandike lebo.

Makao makuu waambieni hivi: mashine ya mizani inabaki nje ya mtandao, na taarifa zake zinahamishwa kwa flashi moja maalumu inayokaguliwa kila mara. Kama wana bajeti, ielekezwe kutafuta programu mpya ya mizani, ndipo kompyuta ifuate.

Mhasibu, duka la vifaa vya ujenzi, Masasi

*Nimepewa kompyuta mbili zilizotumika nichague, bei ni moja. Moja Core i7, nyingine Core i3. Muuzaji ananishangaa ninavyositasita.*

Mshangae wewe yeye. Herufi na namba hiyo ya kwanza haisemi umri wa prosesa. Soma inayofuata kistari: i7-2600 ni ya kizazi cha pili, ilitoka 2011, i3-8100 ni ya kizazi cha nane, ilitoka mwishoni mwa 2017. Kwa kompyuta za mezani kama hizi, zikiwa na tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi. Zikiwa tano, kama i5-10500, ni mbili za mwanzo. Zote mbili ulizopewa, kama ndizo hizo, zina koa (core) nne, lakini ya i3 inaipita ile ya i7 kwa kazi za ofisi, inakubali Windows 11 na inakula umeme kidogo. Kibandiko cha mbele kisikutishe, kibandiko hubanduliwa na kubandikwa. Andika msinfo32 kwenye sehemu ya kutafutia, usome jina la prosesa mwenyewe.

Umeme tuuhesabu, kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu. Tuseme mashine kubwa ya 2011 inakula wati 80 kwa kazi zako, na ndogo ya kizazi cha nane wati 25. Tofauti ya wati 55 kwa saa 9, siku 26, ni uniti karibu 13 kwa mwezi. Uniti ukiichukua kwa Sh 350, ni Sh 4,500 hivi kwa mwezi, Sh 54,000 kwa mwaka. Si hela ya kununulia kompyuta, lakini inatosha betri mpya ya UPS (kifaa cha kushikilia umeme ukikatika) ikabaki na chenji. Na kwenye vitabu vya kodi, kompyuta iko daraja la kwanza la mali zinazochakaa, asilimia 37.5 kwa mwaka kwa thamani iliyobaki. Mashine ya Sh 1,000,000 ikimaliza mwaka wa nne inabaki na Sh 152,588 kitabuni. Ukiona mwenye duka anang'ang'ania ya zamani kwa kuwa "ilikuwa ghali", mwonyeshe mstari huo.

Ukiwa dukani usikubali kuonyeshwa mashine iliyokwisha kuwashwa. Iwashwe mbele yako kutoka baridi. Ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), ikidai nywila ambayo muuzaji hana, iache hapohapo. Andika tpm.msc uone kama toleo ni 2.0. Fungua CrystalDiskInfo usome saa ambazo diski imetumika na afya yake. SSD iliyoandikwa GB 480 ijaribu kwa kunakili mafaili makubwa mpaka ijae nusu, kwani za bandia hukubali kuandika kisha faili halifunguki. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, la mbele na la nyuma. Iunganishe intaneti kwa simu yako, mwambie muuzaji airudishe Windows mwanzo: kama itakuletea jina la kampuni ya Ulaya na kutaka uingie kwa akaunti yao, mashine hiyo bado imefungwa na mwenyewe wa zamani. Kwa laptopu, ongeza powercfg /batteryreport kwenye Command Prompt, ulinganishe uwezo wa betri ilivyotoka kiwandani na ilivyo leo. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, toa bei ya betri kwenye bei ya mashine.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawasemi. Makasha madogo ya ofisi ya HP na Dell hayatumii pawa saplai ya kawaida ya plagi ya pini 24. Yana plagi zao na umbo lao. Ikiungua, ile ya kawaida iliyopo dukani Masasi haiingii, na utasubiri mzigo kutoka Dar es Salaam. Ofisi yenye mashine tatu za namna hiyo inunue za modeli moja na pawa saplai moja ya akiba. Kizazi cha nane, kwa majina, ni Dell OptiPlex 3060, 5060 na 7060, HP ProDesk 600 G4 na EliteDesk 800 G4, au Lenovo ThinkCentre M720. HP ya G3 na Dell yenye namba ya kuishia 50, kama 7050, ni za vizazi vya sita na saba. Zinafanana kwa sura lakini Windows 11 haizikubali.

UPS ya 650VA inatosha kompyuta moja na monita kwa dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Printa ya leza usiichomeke humo, kipashia joto chake kikiwaka kinavuta wati mia kadhaa kwa mkupuo na UPS inaanguka. Betri yake ya volti 12, Ah 7, kwa joto letu hesabu miaka miwili hadi mitatu.

Mwalimu, Kilwa Masoko

*Kila tukiwasha asubuhi, tarehe imerudi miaka ya nyuma na tovuti zinasema muunganisho si salama. Mkuu anataka tununue mpya.*

Mwalimu, nunueni betri ya CR2032, ile bapa ya volti 3. Ndiyo inayoitunzia mashine saa ikiwa imezimwa. Ikiisha, tarehe inarudi mwanzo, na tovuti zinakataa kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana bado havijaanza kutumika. Chomoa umeme, sukuma klipu ya pembeni betri iruke, weka mpya maandishi yakitazama juu, ingia BIOS upange tarehe. Angalia pia kama mpangilio wa diski, AHCI au RAID, umebaki ulivyokuwa, la sivyo Windows haitawaka. Kazi ya dakika kumi.

Mwenye steshenari, Ligula, Mtwara

*Nina mashine tatu za kizazi cha tatu, RAM GB 8, tayari zina SSD. Kijana mmoja anasema anaweza kuweka Windows 11 kwa nguvu. Wateja wangu ni wanafunzi wa maombi ya mikopo na watu wa kuchapa na kutoa kopi.*

Dada, anaweza kweli, na itawaka. Njia za kuruka ukaguzi zipo na wengi wanazitumia. Shida inakuja baadaye. Microsoft haikuhakikishii marekebisho kwa mashine isiyotimiza masharti, na toleo jipya la kila mwaka halitajileta lenyewe, utamwita kijana tena na tena. Kwenye steshenari, ambako kila saa inaingia flashi usiyoijua na wateja wanaandika nywila zao mbele yako, hatutaki mashine inayotegemea bahati.

Tunachoona ni kugawa kazi. Mashine moja iuzwe na mahali pake ije ya kizazi cha nane yenye Windows 11 halali. Hiyo ni ya maombi ya mtandaoni na nyaraka za Word zinazotakiwa zitoke bila mstari kuhama. Mbili zilizobaki ziwekewe Linux Mint, ambayo ni bure, inaendelea kupata marekebisho na inatembea vizuri kwa GB 8. Kivinjari kipo, LibreOffice ipo, PDF inachapika. Ila CV iliyopangwa kwa jedwali na fonti za Word huweza kuhama kidogo ikifunguliwa kwenye LibreOffice. Mteja akiileta, ichapwe kwenye ile ya Windows. Photoshop haikai, picha za pasipoti utazoea kuzifanya kwa GIMP, na wiki ya kwanza utailaani.

Usiweke chochote kabla ya kujaribu printa. Andaa flashi ya GB 8 yenye Mint, washa mashine kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, chomeka printa, toa karatasi. HP nyingi hukubali kwa programu ya HPLIP, ingawa LaserJet P1102 inataka kipande cha ziada kishushwe kwa intaneti. Canon za leza za familia ya LBP6000 ni wasumbufu. Ikiwa ndiyo uliyonayo, iache kwenye Windows.

Faida moja utaipenda: kile kirusi kinachoficha mafaili ya mteja na kubakiza njia za mkato hakifanyi kazi kwenye Linux. Flashi ikifunguliwa humo, folda iliyofichwa mara nyingi inaonekana, unahamisha mafaili, unafuta takataka, mteja anaondoka anakusifia.

Msimamizi wa zahanati binafsi, Nachingwea

*Tumeshanunua mpya. Zile nne za zamani, zenye kumbukumbu za wagonjwa, kuna kijana wa vyuma chakavu anazitaka.*

Zisitoke na diski zake. Taarifa za afya ni miongoni mwa taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kufuta mafaili au kufomati haraka hakuondoi kitu: kinachofutika ni orodha, mafaili yenyewe yanabaki na hurudishwa na programu za bure.

Hadi diski ambayo bado inafanya kazi ifutwe kwa diskpart, mashine ikiwashwa kutoka flashi ya kuwekea Windows: list disk, kisha select disk na namba yake, kisha clean all. Amri hiyo hujaza sifuri diski yote, na ya GB 500 huchukua saa kadhaa. Angalia ukubwa mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa kuwa haiulizi wala hairudi nyuma. La salama zaidi ni kuchomoa diski nyingine zote kwanza. SSD njia hiyo haiitoshi, kwa sababu hutunza sehemu ambazo Windows haizioni. Tumia amri ya Secure Erase iliyo kwenye BIOS ya mashine nyingi za ofisi. Diski iliyokwisha kufa itobolewe kwa drili, matundu matatu yapenye sahani. Vaa miwani: sahani za diski za laptopu nyingi ni za kioo, zinapasuka vipandevipande.

Waya zisichomwe kutafuta shaba, moshi wa plastiki yake ni sumu. Monita za chogo zisivunjwe, kioo chake kina risasi. Betri za UPS nazo zina risasi na tindikali, mpelekee anayekusanya betri chakavu za magari. Mengine yote yaende kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha NEMC, taasisi ya serikali ya usimamizi wa mazingira, si kwa kijana wa mkokoteni hata akikupa bei nzuri.

Kabla ya hapo toeni vya kubaki navyo: RAM, pawa saplai nzima, nyaya za SATA, feni zisizopiga kelele, na kibodi moja ya plagi ya duara, ambayo siku USB zote zikigoma ndiyo itakayowaingiza BIOS. Kisha andikeni kwenye daftari la mali namba ya kila mashine, namba ya diski yake, imefutwa kwa njia gani na nani, tarehe, na sahihi mbili.